Kabla uambiwe kompyuta yako imekufa, ingia BIOS kwanza

Umewasha ile Dell yako ya ex-UK asubuhi, na kuna kazi ya mtu unafaa kutuma kabla ya saa sita. Badala ya Windows, unapata skrini nyeusi yenye maandishi meupe yanayosema saa na tarehe hazijawekwa. Unabonyeza kitufe unachoambiwa. Nembo ya Windows inatokea, vidoti vinazunguka kidogo, halafu skrini inageuka buluu. Mashine inajizima, inajiwasha, buluu tena.

Unaibeba hadi kwa fundi. Anaitazama dakika mbili, anatikisa kichwa kama daktari wa ICU, kisha anatoa hukumu: "Customer, Windows imeenda. Hii ni kufomati." Siku ikiwa mbaya zaidi, utaambiwa mazabodi imekufa, na hiyo si pesa ya kukopa kwa rafiki mmoja.

Sasa tulia kidogo. Dalili hizo mbili zikifuatana, ujumbe wa saa kisha buluu, mshukiwa wa kwanza si Windows. Ni kabetri kadogo kama sarafu, kanakouzwa kwa bei ya chapo mbili na madondo. Na dawa yake iko kwenye skrini ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua, wakidhani wakigusa kitu pale watachoma mashine. Hiyo skrini ni setapu ya BIOS, na leo tunaingia ndani pamoja. Hauhitaji diploma. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, na bado sijaona kompyuta inayoitisha cheti.

Hii BIOS ni mnyama gani?

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, Windows bado imelala kwenye diski, na haiwezi kujiamsha. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo inayoishi kwenye chipu iliyo juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya ndani. Hiyo ndiyo BIOS. Inakagua ram, inatafuta kibodi, inahesabu diski, halafu ndiyo inaiachia Windows kazi. Ichukulie kama kondakta wa matatu: gari haling'oki stejini kabla hajagonga bodi.

Zamani mambo yalikuwa magumu kuliko haya. IBM PC ya kwanza, iliyotoka mwaka wa 1981, haikuwa na skrini ya mipangilio. Ulifungua kasha na kusukuma swichi ndogondogo kwa ncha ya kalamu. Mwaka wa 1984 IBM ilipotoa PC/AT, mipangilio ilihamia kwenye memori ndogo inayowekwa hai na betri. Memori hiyo ndiyo inaitwa CMOS. Baadaye setapu yenyewe ikaingizwa ndani ya chipu, ndiyo maana leo unaifungua kwa kitufe kimoja.

Mashine za sasa zinatumia mfumo mpya uitwao UEFI. Nyingi za mitumba za miaka ya 2010, zile unazopata pale Moi Avenue na Luthuli, ni chotara: zina UEFI, lakini bado zinakubali mtindo wa kale, ambao kwenye menyu unaitwa Legacy. Mtaani zote tunaziita BIOS, na hapa tutaenda hivyo.

Jinsi ya kuingia, na sheria tatu

Washa mashine, kisha anza kugongagonga kitufe mara moja, kabla nembo ya kampuni haijapotea. Kwa Dell ni F2. Kwa HP ni F10. ThinkPad na ThinkCentre za Lenovo ni F1. Mashine za kuunganishwa na fundi, nyingi ni Delete. Ukichelewa na Windows ikaanza, usiizime kwa nguvu. Iache iwake, uchague Restart, ujaribu tena. Chagua Restart, si Shut down, kwa sababu tangu Windows 8 mashine huwa haizimiki kabisa ukitumia Shut down. Inasinzia nusu ili iwake haraka kesho.

Ukiingia, mausi huenda isifanye kazi. Tumia mishale, Enter na Esc. Maelezo ya vitufe huwa yameandikwa chini au pembeni.

Kabla hujagusa chochote, kuna sheria tatu. Kwanza, piga picha ya kila ukurasa kwa simu. Pili, badilisha kitu kimoja tu, uhifadhi, uwashe, uone matokeo, ndipo uguse kingine. Tatu, ukipotea, toka bila kuhifadhi. Tafuta maneno kama "Exit Without Saving" au "Discard Changes". Hakuna badiliko linaloshika mpaka wewe mwenyewe uchague Save au Apply. Hapo ndipo uoga unaisha: kuangalia ni bure, na kutoka ni bure.

Kabetri kadogo, shida kubwa

Betri tunayozungumzia imeandikwa CR2032. Namba hiyo ina maana: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Ina volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na kumbukumbu ya CMOS wakati mashine haina umeme. Ikikaa miaka kadhaa inachoka, na mashine iliyofanya kazi ofisini Uingereza kabla ya kufika kwako huenda ikawa bado na ile ile ya kiwandani.

Ikichoka, kila kampuni inalia kwa lugha yake. Dell husema "Time-of-day not set". HP huandika namba 163 na kusema saa na tarehe hazijawekwa. ThinkPad hutoa namba 0271. Mashine zingine huandika "CMOS checksum error". Yote ni kilio kimoja.

Wengi wanapuuza ujumbe huo, wanabonyeza F1 na kuendelea. Halafu intaneti inaanza kuwa na kisirani: Gmail haifunguki, tovuti ya benki inakataa, Chrome inasema saa yako iko nyuma. Unanunua bando lingine, unalaumu mtandao. Kumbe kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini tuko 2012, inaona vyeti vyote hivyo ni vya siku zijazo, inakataa kuviamini. Rekebisha tarehe, na tovuti zinarudi.

Mbona shida hii hupenda kuja baada ya stima kupotea? Kwa sababu desktopu ikiwa imechomekwa kwenye soketi, hata ikiwa imezimwa, mazabodi hupata umeme kidogo unaotunza kumbukumbu. Betri inaweza kuwa imekufa miezi sita na hujui. Siku stima inapotea, au unapozima soketi ili kuokoa tokeni, ndipo CMOS inasahau kila kitu.

Sasa tuje kwa hiyo buluu

CMOS ikisahau, BIOS inarudi kwa mipangilio ya kiwandani. Mmoja wa mipangilio hiyo unaitwa "SATA Operation" au "SATA Mode". Huu unaamua lugha ambayo mazabodi itatumia kuongea na diski. Chaguo huwa ni AHCI, RAID On, na kwa mashine za zamani zaidi, IDE au ATA.

Windows inapowekwa kwenye mashine, inajiandaa kwa lugha iliyoikuta siku hiyo. Ikiamka siku nyingine ikute lugha imebadilishwa, haiwezi kusoma diski yake yenyewe. Inapiga buluu na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Kwa Windows 7 ni namba 0x0000007B.

Dell OptiPlex nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye RAID On. Aliyekuwekea Windows huenda aliweka AHCI. Betri imekufa, stima imepotea, BIOS imerudi RAID On bila kukuuliza. Windows ni nzima, diski ni nzima. Ni lugha tu imebadilika.

Ingia BIOS, fungua sehemu ya "System Configuration" au "Storage", tafuta SATA Operation. Ikiwa iko RAID On, weka AHCI. Ikiwa iko AHCI, jaribu ile nyingine. Dell itakuonya kwamba Windows inaweza kukataa kuwaka. Ni onyo la kawaida. Hifadhi, washa tena. Kubadilisha chaguo hili peke yake hakufuti faili. Kitu cha kukaa mbali nacho ni menyu ya kutengeneza RAID mpya. Hiyo ndiyo inaweza kufuta diski.

Windows ikiwaka, fikiria ulichookoa. Kufomati kungekula picha, CV, kazi za wateja, ile mixtape hujawahi kuachilia. Kila kitu kingeenda, kwa sababu ya betri.

Na ikiwa hakuna buluu, ila mashine inaandika tu kwamba haioni kifaa cha kuwakia? Kwanza chomoa flashi uliyoisahau nyuma. Kisha angalia mpangilio wa "Boot": je, iko Legacy au UEFI? Windows iliyowekwa kwa Legacy haiwaki kwa UEFI, na kinyume chake. Huu nao hurudi kiwandani betri ikifa. Mwisho, angalia orodha ya diski. Jina la diski yako likionekana pale, mazabodi inaiona, na kuna matumaini. Lisipoonekana kabisa, kagua waya wake kabla ya kuamini kwamba diski imekufa.

Kubadilisha betri kwa desktopu ni kazi ya dakika kumi. Zima, chomoa waya wa umeme, finya kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Fungua kasha, sukuma kile kichuma kinachoshika betri, itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Kwa laptopu nyingi betri hiyo imefungwa kwa plastiki na ina waya wenye plagi ndogo, kwa hivyo nenda dukani na ile ya zamani ili upewe inayofanana. Ukimaliza, rudi BIOS, weka tarehe, kisha linganisha kila ukurasa na picha zako.

Kabla hujatoa pesa dukani

BIOS pia ndiyo shahidi asiyepewa hongo unaponunua mashine. Muuzaji anaweza kupaka rangi kasha, kubandika stika ya i7 na kuweka Windows safi. Hawezi kuifanya BIOS iseme mashine ina GB 8 kama ina 4. Mwambie tu, "Boss, niwashie niingie BIOS kidogo." Akianza kuhema na kubadilisha mada, jua kuna kitu.

Ukiingia, angalia ukurasa wa kwanza: jina la prosesa, kiasi cha ram, ukubwa wa diski. Linganisha namba ya mashine iliyo pale na stika iliyo chini ya kasha. Zikitofautiana, huenda mazabodi iliwahi kubadilishwa, na una haki ya kuuliza. Laptopu nyingi za Dell Latitude huonyesha pia afya ya betri yake kubwa, kwa hivyo hadithi ya "inashika charge masaa manne" unaweza kuipima hapo hapo.

Kisha fungua "Security". Ukikuta BIOS inaitisha password ambayo muuzaji haijui, weka mashine chini, uende. Kwa ThinkPad, password ya msimamizi haifutwi kwa kutoa betri. Njia rasmi ya Lenovo ni kubadilisha mazabodi nzima. Utakuwa umenunua nyumba ambayo funguo ya chumba kimoja iko kwa mtu mwingine.

Tafuta pia neno Computrace au Absolute. Ni mfumo ambao makampuni hutumia kufuatilia na kufunga mashine zao, na unaweza kurudi hata baada ya kubadilisha diski. Ukiona umeandikwa Activated, kuna kampuni mahali fulani ambayo huenda bado inaihesabu laptopu hiyo kama yake. Inawezekana iliuzwa kihalali na wakasahau kuifungua. Inawezekana pia iliibwa. Pesa yako haifai kuwa ndiyo ya kujua jibu.

Swichi tatu za kukufaa

Ya kwanza ni "Virtualization". Kama unajifunza kukodi na emuleta ya Android Studio inatambaa au inakataa, au VirtualBox haikubali mfumo wa biti 64, angalia hapa. Mashine nyingi za ofisini huja ikiwa imezimwa. Iwashe, hifadhi, na ile "kompyuta ya polepole" inaweza kukushangaza.

Ya pili inaitwa "AC Recovery" kwa Dell, na "After Power Loss" kwa HP. Inaamua mashine ifanye nini stima ikirudi: ibaki imezimwa, iwake, au irudi ilivyokuwa. Kama unaishi mtaa ambao stima hupotea na kurudi mara tatu kwa dakika tano, iache kwenye kubaki imezimwa. Unaiwasha wewe, umeme ukishatulia.

Ya tatu ni mpangilio wa kuwakia kutoka kwa flashi. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inaitisha rasmi TPM 2.0, Secure Boot, na kwa upande wa Intel, karibu zote ni prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele. Ile OptiPlex 7010 ya 2012 haifiki hapo. Lakini wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Weka Linux Mint kwenye flashi, ichomeke, washa mashine ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, uchague flashi. Unaweza kuijaribu nzima bila kugusa diski yako. Kwa kuandika, kuvinjari, kukodi na kazi nyingi za mtandaoni, mashine uliyonayo bado ina miaka.

Pale pa kuheshimu

Si kila kitu ndani ya BIOS ni cha kuchezea. Kusasisha BIOS yenyewe, yaani kuandika programu mpya kwenye ile chipu, ndiyo operesheni moja ambayo ikikatika katikati inaweza kuua mashine kweli. Usiifanye kwa desktopu isiyo na UPS siku ya mawingu. Kwa laptopu, hakikisha betri imejaa na chaja imechomekwa. Na kama hakuna shida unayotaka kutatua, huna haraka nayo.

Usiweke password ya BIOS au ya diski kwa kujaribu tu. Hizo hazina "umesahau password?" ya kubonyeza. Volti na kasi ya prosesa, mahali zinapopatikana, ziache vile zilivyo. Mashine ya miaka kumi na mbili haitaki kukimbizwa.

Haya yote si vita na mafundi. Kuna mafundi wazuri sana mjini, na ukiwa na diski iliyokufa au mazabodi iliyoungua utawahitaji. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kusema "imekataa kuwaka" na kusema "nimebadilisha betri, tarehe iko sawa, diski inaonekana kwa BIOS, SATA iko AHCI, bado buluu." Ukisema hivyo, mazungumzo yanaanza mahali pengine, na hata bei inaanza mahali pengine. Mwambie pia neno moja kabla hujamwachia mashine: asifomati kitu bila kukupigia.

Kwa hivyo leo jioni, mashine ikiwa bado nzima, fanya kitu kimoja tu. Iwashe upya, ingia BIOS, piga picha ya kila ukurasa, toka bila kuhifadhi. Jitumie hizo picha kwa WhatsApp au uziweke kwa email. Ni dakika tano. Siku CMOS itasahau, wewe utakuwa unakumbuka.